Namna ya Kupata Thamani Bora katika Zabuni za Barabara Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu nimewaandikia wahandisi, maofisa ununuzi na wajumbe wa kamati za tathmini wanaoshughulikia zabuni za barabara katika mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na Rukwa, hasa wale wanaoteuliwa kwa mara ya kwanza na kukabidhiwa zabuni sita au saba ambazo kila moja inajitangaza kuwa bora kuliko nyingine. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, pamoja na kanuni zake za mwaka 2024, inamtaka kila mnunuzi wa umma azingatie thamani ya fedha, lakini wengi wetu tumezoea kulisoma neno hilo kana kwamba maana yake ni bei ndogo. Kwa barabara, thamani ya fedha ni kupitika kwake kwa miaka iliyokusudiwa, tukijumlisha kila shilingi itakayotumika kuanzia siku ya kusaini mkataba hadi siku barabara itakapohitaji kujengwa upya. Bei iliyosomwa wakati wa kufungua zabuni ni sehemu moja tu ya jumla hiyo.

Nilijifunza haya kwa njia ambayo nisingependa mwenzangu aipitie. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya tathmini ya barabara ya changarawe katika eneo la milima lenye mashamba ya chai. Mzabuni wa bei ya chini alikuwa chini ya makisio ya mhandisi kwa zaidi ya asilimia 20, vyeti vyake vyote vilikuwa sawa, nasi tukampendekeza bila wasiwasi. Mwezi Machi baada ya kazi kukabidhiwa nilirudi kule na kukuta tipa lililobeba majani mabichi ya chai limedidimia tairi za nyuma kando ya kalavati moja kwenye kona. Nilishuka mtaroni, nikaingiza mkono chini ya bomba, ukazama hadi begani bila kugusa kitu. Bomba lilikuwa limelazwa juu ya tope, halikuwekewa kitanda cha zege, na viungio vyake havikuzibwa, kwa hiyo maji yalikuwa yakipita chini ya kalavati badala ya kupita ndani yake, yakiukokota udongo kidogo kidogo kila mvua iliponyesha.

Niliporudi ofisini nilifungua nyaraka zetu za zabuni. Katika jedwali la kazi na bei tulikuwa tumeandika mstari mmoja tu, kuleta na kulaza makalavati, bila kutenganisha uchimbaji, kitanda, viungio, ujazaji wa udongo na kuta za kichwani, yaani zile za kwenye midomo ya kalavati. Hapakuwa na mahali ambapo bei ya mzabuni ingeweza kutuonyesha kwamba hakukusudia kuweka kitanda. Mkandarasi alikosea, na msimamizi aliyepitisha kazi ile alikosea, lakini sisi tulioandaa nyaraka ndio tuliowaachia mwanya. Tangu siku ile nimeamini kwamba thamani ya barabara huamuliwa zaidi mezani, wakati wa kuandika kile kitakachopimwa, kuliko siku ya kulinganisha bei.

Anza na kinachoiharibu barabara yako

Kabla ya kuandika kigezo chochote, nenda ukaitembee barabara, na ukiweza itembee wakati wa mvua. Nyanda zetu hupata msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, lakini ndani ya msimu huo huo barabara hazifi ugonjwa mmoja. Upande wa Rungwe na Busokelo, ambako mvua huweza kuzidi milimita 2,000 kwa mwaka, adui ni maji yanayoteremka kwa kasi na kuichimba mitaro hadi kuimeza barabara yenyewe. Ukishuka kwenye mbuga za Usangu, wilayani Mbarali, mteremko haupo, na tatizo linakuwa udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ambao huibeba changarawe mwaka mmoja kisha huimeza. Mufindi na Makete kuna malori ya mbao na magogo. Umalila na Uporoto kuna Fuso za viazi zilizojazwa lumbesa, zinazopanda alfajiri wakati barabara bado ina ukungu na umande. Ukipanda kutoka Chimala kwenda Matamba, njia maarufu kwa kona zake 57, utaelewa kwa nini kigezo kilichonakiliwa kutoka zabuni ya uwandani hakitakusaidia kumpata mjenzi wa barabara ya mlimani.

Andika matatizo matatu au manne makubwa ya barabara hiyo kwa lugha ya kawaida, kwa kilomita. Kwa mfano, kutoka kilomita 3 hadi 4.2 kuna mteremko mkali na mtaro wa upande wa juu umechimbika hadi kina cha mita moja. Kilomita 7 kuna chemchemi inayotokea katikati ya barabara hata wakati wa kiangazi. Machimbo ya changarawe ya karibu yamebaki na mawe makubwa tu. Orodha hii fupi ndiyo itakayozaa ubunifu, jedwali la kazi, vigezo vya tathmini na mpango wa usimamizi. Ikiwa kigezo hakitokani na orodha hii, jiulize kinafanya nini kwenye nyaraka.

Uamuzi mwingine mkubwa wa thamani hufanyika hapa, kabla mzabuni yeyote hajajitokeza, nao ni uamuzi wa aina ya uso wa barabara. Changarawe kwenye mteremko mkali wenye mvua nyingi ni fedha inayoteremka mtoni kila mwaka, na hakuna mkandarasi, hata awe hodari namna gani, atakayeizuia kwa kushindilia vizuri zaidi. Mwongozo wa taifa wa barabara zenye magari machache uliotolewa mwaka 2016 unatoa nafasi ya kutumia nyuso nyingine, zikiwamo zege na mawe, katika sehemu kama hizo. Katika barabara ya Itoni–Ludewa–Manda mkoani Njombe, sehemu ya Lusitu hadi Mawengi yenye kilomita 50 ilijengwa kwa zege, katika milima ambayo kila anayeifahamu Ludewa anaijua. Si kila halmashauri ina fedha za kufanya hivyo kwa barabara nzima, lakini mita 400 za zege mahali pabaya na changarawe kwingineko mara nyingi ni ununuzi bora kuliko changarawe tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Piga hesabu ya miaka kumi, weka gharama ya kurudishia changarawe na kupitisha greda kila mwaka, kisha mpelekee afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa matumizi ya fedha, hesabu hiyo pamoja na makisio.

Jua mlango ambao sheria imekufungulia

Mjumbe mpya wa kamati mara nyingi husikia habari za kupata thamani bora akadhani kwamba anaweza kubuni mfumo wake wa alama. Hawezi. Zabuni zetu hupita katika NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, nyaraka sanifu za zabuni hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, na kamati haina ruhusa ya kutumia kigezo ambacho hakikutangazwa. Jambo la kwanza, basi, ni kusoma nyaraka sanifu za aina ya kazi yako na kuona zinaruhusu ubora uingie kwa njia ipi.

Kwa uzoefu wangu njia ni tatu. Ya kwanza ni masharti ya lazima, ambayo mzabuni ama anayakidhi ama hayakidhi: daraja la usajili katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi, uzoefu wa kazi zinazofanana, mitambo, wataalamu, uwezo wa kifedha. Katika zabuni nyingi za ujenzi hapa kwetu, aliyevuka masharti haya yote na kuwa na bei ya chini iliyotathminiwa ndiye anayependekezwa, kwa hiyo uzito wote wa ubora unabebwa na masharti na ubainifu wa kazi. Ukiyaandika kwa ulegevu, umekwisha kuchagua bei tupu. Njia ya pili ni kutoa alama kwa ubora na kuzichanganya na bei, jambo lililozoeleka zaidi tunapowaajiri wahandisi washauri. Miradi mikubwa inayofadhiliwa na Benki ya Dunia nayo imeingia huko, kwani tangu Septemba 2023 benki hiyo inataka vigezo vya alama vitumike katika zabuni zake nyingi za ushindani wa kimataifa. Njia ya tatu ni kuuweka ubora ndani ya mkataba wenyewe, kupitia vipimo, muda wa matazamio (kipindi baada ya kukabidhi kazi ambacho mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama yake) na masharti ya malipo, na njia hiyo ipo wazi kwa kila zabuni, hata ya kusafisha mitaro.

Mfano mmoja wa njia ya pili unafaa kufahamika kwa undani, kwa sababu hesabu zake ziliwekwa hadharani. Tarehe 1 Agosti 2007 daraja la barabara kuu ya I-35W katika mji wa Minneapolis, Marekani, liliporomoka na kuua watu 13. Idara ya uchukuzi ya jimbo la Minnesota ilitangaza zabuni ya kubuni na kujenga daraja jipya kwa kanuni hii: chukua bei, ongeza siku za ujenzi zilizoahidiwa zikizidishwa kwa dola 200,000 kwa siku, kisha gawanya jumla kwa alama za ufundi. Mwenye matokeo madogo ndiye mshindi. Mzabuni wa bei ya chini alitaja dola milioni 176.9 na siku 367, akapata alama 65.91. Mzabuni wa bei ya juu kuliko wote wanne alitaja dola milioni 233.8 na siku 437, akapata alama 91.47. Fanya hesabu mwenyewe: wa kwanza anatoka na dola milioni 3.80 kwa kila alama, wa pili milioni 3.51. Kazi ikaenda kwa mwenye bei kubwa na muda mrefu. Malalamiko yalikuwa mengi, kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, na mwaka 2010 mahakama hiyo ikaunga mkono uamuzi wa idara. Daraja lenyewe lilifunguliwa tarehe 18 Septemba 2008, zaidi ya miezi mitatu kabla ya tarehe ya mkataba.

Siutoi mfano huu ili unakiliwe. Dola 200,000 kwa siku ilikuwa gharama ya usumbufu wa jiji kubwa lililopoteza daraja lake, na haina uhusiano wowote na barabara ya kata huku kwetu. Naleta mfano huu kwa sababu unaonyesha kitu kinachohitajika ili mnunuzi aweze kumlipa mwenye bei kubwa na bado akasimama mbele ya mkaguzi na mahakama: kanuni ilitangazwa kabla, kila mzabuni aliijua, na alama zilitolewa kwa vigezo vilivyoandikwa. Pasipo hayo, uamuzi ule ule ungekuwa upendeleo.

Andika vigezo vichache vinavyopimika

Rudi sasa kwenye orodha yako ya matatizo. Ikiwa barabara inakufa kwa maji, mtake mzabuni aeleze, kwa kilomita, namna atakavyoyatoa maji wakati wa ujenzi wenyewe, kabla makalavati hayajakamilika. Hiki ni kigezo kizuri kwa sababu hakiwezi kujibiwa na mtu ambaye hajafika eneo la kazi. Nimewahi kusoma maelezo ya utekelezaji ya zabuni ya barabara ya milimani yaliyozungumzia kwa kirefu kumwagia maji barabara ili kupunguza vumbi, bila kutaja mtaro hata mmoja. Ni wazi yalikuwa yametoka kwenye kazi nyingine katika nchi kavu. Maelezo ya aliyefika yanafahamika upesi, maana yanataja mto, kona, shamba, au machimbo kwa jina linalotumiwa na wenyeji.

Kama nyaraka zako zinatoa alama, usiishie kuandika kwamba maelezo mazuri yatapata alama 10. Andika maana ya 10, ya 6 na ya 2. Kwa mfano, alama zote kwa mpango unaotaja mahali pa kila mchepuko wa maji wa muda, unaoonyesha nani atausimamia na unaoanza na sehemu zenye chemchemi kabla ya Novemba. Alama za kati kwa mpango unaotaja sehemu hizo bila mtiririko wa tarehe. Alama chache kwa mpango wa jumla usioihusu barabara hii. Wajumbe watatu wakiwa na maelezo kama hayo, kila mmoja akatoa alama peke yake kabla ya kukutana, tofauti zao zitakuwa ndogo, na pale zitakapokuwa kubwa mtajua mnajadili nini. Tarehe, sahihi na sababu ya kila alama ziwekwe kwenye taarifa. Mjumbe mwenye ndugu, hisa au deni kwa mzabuni yeyote atamke mapema na ajitoe, kwa sababu mfumo wa alama huacha nafasi pana zaidi ya upendeleo kuliko mfumo wa bei, na TAKUKURU wanalijua hilo.

Kigezo cha pili ninachokithamini ni cha vifaa vya ujenzi na umbali wa kuvisomba. Hapa nakushauri uchukue karatasi na kalamu. Tabaka la changarawe la milimita 150 kwa upana wa mita 5.5 lina mita za ujazo 825 kwa kilomita likishashindiliwa, na likiwa bado ndani ya tipa halijashindiliwa linazidi mita 1,000. Kwa tipa la mita za ujazo 10 hizo ni zaidi ya safari 100 kwa kilomita moja, au kama safari 630 kwa barabara ya kilomita 6. Ikiwa machimbo yako umbali wa kilomita 18 kwa njia ya milima, tipa moja halitazidi safari tano kwa siku, na matipa matatu yatatoa safari 15. Kazi ya kusomba peke yake, basi, inachukua siku 42. Mzabuni aliyeorodhesha matipa matatu na kuonyesha siku 15 za kusomba ama hajui umbali, ama anakusudia kuchota udongo wa kando ya barabara na kuuita changarawe. Hesabu hii ya dakika tano imewahi kunifunulia mengi kuliko kurasa 200 za viambatanisho. Kwa upande wako, fanya haki: chukua sampuli za machimbo, zipeleke maabara, na uweke matokeo kwenye nyaraka ili wazabuni wote waanzie mahali pamoja.

Uzoefu, wataalamu na mitambo sitavirefusha, kwa kuwa nyaraka sanifu zinavieleza vya kutosha. Naomba tu masharti haya yasiwe ukuta wa kuwazuia makandarasi wadogo wa mikoa yetu. Kudai mzabuni amiliki greda kwa ajili ya kazi ya kilomita 4 ni kumfukuza mtu ambaye angelikodi na akafanya kazi nzuri. Dai uthibitisho kwamba litapatikana, kwa tarehe, na kwamba linafanya kazi. Kumbuka pia sharti la kutenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu. Kazi za mitaro, za mawe na za kufyeka kando ya barabara zinafaa sana kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mtaro unaosafishwa na watu wanaoishi kando yake huwa na watunzaji hata mkataba ukiisha.

Ujaribu mfumo wako kabla ya kutangaza

Hatua hii hurukwa karibu kila mahali, nayo haigharimu kitu. Chukua wazabuni wawili wa kubuni. Wa kwanza ana bei ya shilingi milioni 400 na alama 60 za ubora. Wa pili ana milioni 480 na alama 90. Tumia kanuni ya kawaida: gawanya bei ya chini kwa bei ya mzabuni, zidisha kwa uzito wa bei, kisha ongeza alama za ubora zikizidishwa kwa uzito wa ubora. Ukiipa bei uzito wa asilimia 70 na ubora 30, wa kwanza anapata 88 na wa pili 85.3; wa kwanza anashinda. Ukibadilisha iwe 60 kwa 40, wa kwanza anapata 84 na wa pili 86, na ushindi unahama. Kwa hiyo tofauti ya asilimia kumi katika uzito ni uamuzi wa kulipa shilingi milioni 80 zaidi. Uliza kamati: katika barabara hii, tutapata nini kwa milioni 80? Ikiwa jibu ni kwamba kilomita mbili za mteremko hazitahitaji kurudiwa baada ya msimu wa kwanza, na mnaweza kuonyesha hesabu yake mbele ya Bodi ya Zabuni na mbele ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, chagueni 60 kwa 40 mkiwa na amani. Ikiwa hakuna anayeweza kujibu, ubaki na uzito mkubwa wa bei.

Ichunguze bei iliyo chini mno

Bei ya chini haina kosa kwa sababu tu ni ya chini. Kuna mkandarasi mwenye mitambo yake karibu na eneo, anayemaliza kazi nyingine jirani, ambaye kwa haki kabisa anaweza kushuka. Kumwondoa bila kumuuliza ni kuinyima umma faida yake. Muulize kwa maandishi, kupitia mfumo, akupe mchanganuo wa bei za vipengele vitano au sita vikubwa.

Kisha shika kipengele kimoja ukipime. Tuseme mzabuni ametaja shilingi 165,000 kwa mita moja ya ujazo ya zege la kuta za kalavati. Zege la namna hiyo linahitaji saruji karibu mifuko saba ya kilo 50. Kama mfuko eneo la kazi unafika kwa shilingi 17,000, saruji pekee ni 119,000. Kokoto na mchanga, tuseme 60,000. Tumefika 179,000, na hatujagusa maji, mbao za kuundia zege, mafundi, mashine ya kuchanganyia, usimamizi wala faida. Hakuna maelezo yatakayoifanya bei ile iwe ya kweli, isipokuwa kwamba mifuko saba itakuwa minne. Hicho ndicho unachotakiwa kukiandika kwenye taarifa ya tathmini, kwa tarakimu, badala ya kuandika kwamba bei haina uhalisia.

Angalia pia bei iliyoegemea upande mmoja: kazi za mwanzo kama kusafisha njia na kuleta mitambo zimepewa bei kubwa kupita kiasi, na kazi za mwisho, ambazo ndizo mitaro, kuta za mawe na alama za barabara, zimepewa bei ya kutupa. Mkandarasi wa namna hiyo hulipwa sehemu kubwa ya fedha mapema, na mvua zikianza hana sababu ya kubaki kwa ajili ya mitaro.

Muda na matazamio

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Nyaraka zikianza kuandikwa Julai, mkataba husainiwa Oktoba, na mkandarasi huleta greda lake wiki moja na mvua ya kwanza. Upimaji, sampuli za machimbo na jedwali la kazi viwe vimekamilika kufikia Mei, ili tangazo litoke mapema iwezekanavyo na miezi ya kiangazi itumike kujengea. Zabuni iliyotangazwa wakati unaofaa huleta pia bei nafuu, kwa sababu mzabuni halazimiki kuuza hofu yake ya tope.

Jambo ninalotaka lisomwe mara mbili ni kipindi cha matazamio. Mikataba midogo mara nyingi huwekewa miezi sita. Barabara iliyokamilika mwezi Mei, ikapewa miezi sita, inamaliza matazamio yake Novemba, yaani kabla haijanyeshewa mvua ya msimu hata mmoja. Mkandarasi anarudishiwa fedha zake zilizoshikiliwa, cheti cha mwisho kinasainiwa, na kasoro zote zinajitokeza Januari zikiwa mali yetu. Kwa mikoa hii weka miezi 12, au andika wazi kwamba matazamio yatajumuisha msimu mzima wa mvua, na ukaguzi wa mwisho ufanyike baada ya Aprili. Sharti hili halihitaji mfumo wa alama wala mfadhili, na kwa maoni yangu linaleta thamani kuliko vigezo vingine vyote nilivyovitaja.

Baada ya kusaini, linda ulichonunua. Kila kalavati ipigwe picha kitanda kikiwa wazi kabla bomba halijalazwa, na malipo ya kipengele hicho yasitoke bila picha na sahihi ya msimamizi. Vipimo vya kushindilia vifanyike kwa kila tabaka na majibu yaambatane na hati ya malipo. Na mlipe kwa wakati: mkandarasi anayesubiri fedha miezi sita hulipa riba benki, na zabuni ijayo atatuuzia riba hiyo ndani ya bei yake.

Mwezi Mei, mvua zikishakatika, chukua taarifa ile ya tathmini uende nayo barabarani. Simama kwenye kila kalavati na kila mteremko, linganisha alama mlizotoa na hali unayoiona, na uandike pembeni ya kila kigezo kama kilitabiri kweli au la. Ukaguzi huu unachukua siku moja kwa barabara ya kilomita 6. Nakala ikae kwenye faili la mradi na nyingine apewe mhandisi atakayeandaa nyaraka za mwaka unaofuata, pamoja na picha za mahali maji yalipopita.